Pumzi na Kiwewe: Jinsi Yoga ya Upole Inavyoweza Kumsaidia Aliyepatwa na Maafa

Wahenga walisema ya kwamba mtafunwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka. Methali hii hutumiwa kwa kawaida kueleza tahadhari ya mtu aliyekwisha kuumia. Lakini ndani yake mna pia uchunguzi wa kisayansi ulio sahihi. Unyasi si nyoka. Aliyeumwa anajua hivyo, na akiulizwa atajibu hivyo. Hata hivyo mwili wake huruka kabla akili haijapata nafasi ya kulinganisha unyasi na nyoka. Ujuzi wake na mwili wake havikwenda pamoja.

Katika makala hii tatizo hilo litachunguzwa kwa jicho la elimu ya viumbe. Kwanza kutaelezwa kiwewe ni nini na jinsi mwili unavyojihami. Kisha kutaonyeshwa kwa nini kupumua taratibu na kunyoosha viungo kwa upole, kama ifanywavyo katika yoga, kunaweza kuwasaidia baadhi ya watu waliopatwa na maafa. Mwisho kutapimwa ushahidi uliopo, pamoja na mipaka yake.

Kiwewe ni nini?

Afrika Mashariki na Kati imepitia mambo mazito katika miongo ya karibuni: mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996, kulipuliwa kwa balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1998, na vita vya muda mrefu mashariki mwa Kongo. Zaidi ya hayo yapo maafa yasiyoandikwa magazetini: ajali ya basi, moto wa nyumba, ujambazi wa usiku, kipigo cha nyumbani. Watu wengi wanaopatwa na mambo ya namna hii hutaabika kwa siku au majuma kadhaa, kisha hurejea katika hali yao bila ya tiba yoyote. Wengine hawarejei. Mwezi hupita, hata mwaka, nao wangali wanaishi kama kwamba tukio lile halijakwisha. Hali hii ndiyo iitwayo kiwewe katika maana ya kitabibu.

Waganga wa Ulaya waliiona kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1915 mwanasaikolojia Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la tiba la The Lancet juu ya askari waliopoteza kumbukumbu na uwezo wa kuona sawasawa baada ya mizinga kulipuka karibu nao. Wakati huo wengi walidhani ya kwamba ni mtikisiko wa baruti uliouharibu ubongo. Baadaye ilidhihirika ya kwamba hata askari ambao hawakuwa karibu na mlipuko wowote waliweza kupatwa na hali hiyo. Baadhi yao walihesabiwa kuwa waoga na wakaadhibiwa. Ilipasa kungoja hadi mwaka 1980 ndipo chama cha waganga wa akili wa Marekani kilipoiingiza hali hii rasmi katika orodha yake ya magonjwa.

Dalili zake hugawanywa katika mafungu manne. La kwanza ni kurejewa na tukio kwa jinamizi au kwa kumbukumbu za ghafula zisizoitwa. La pili ni kuepuka mahali, watu na mazungumzo yanayokumbusha tukio. La tatu ni mabadiliko ya fikra na hisia, kama vile kujilaumu, kukata tamaa na kujiona mbali na wenzake. La nne ni mwili kuwa macho muda wote: kushtuka upesi, kukosa usingizi, hasira za karibu, na kushindwa kutuliza mawazo katika kazi moja.

Mwalimu atatambua mara moja ya kwamba dalili za fungu la nne, zikitokea darasani, hufanana sana na utovu wa nidhamu. Mwanafunzi asiyetulia, anayerusha mkono anapoguswa begani, au anayekodoa macho dirishani badala ya kutazama ubao, huenda ni mtundu. Lakini huenda pia ni mtoto ambaye mwili wake ungali kwenye zamu ya ulinzi.

Mwili unapojihami

Mwanafisiolojia Mmarekani Walter Cannon alieleza mwaka 1915, katika kitabu chake juu ya mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira, jinsi mnyama anavyojiandaa ama kupigana ama kukimbia. Amri hutoka katika ubongo na kupita katika tawi moja la mfumo wa neva usiotawaliwa na hiari. Tawi hilo huitwa simpathetiki. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huharakishwa, mboni za macho hupanuka, ini huachia sukari, na damu hupunguzwa tumboni na kupelekwa kwenye misuli mikubwa. Kinywa hukauka, kwa kuwa chakula si jambo la haraka. Wapo pia wanyama, na binadamu mmojawapo, ambao wakiona hakuna nafasi ya kupigana wala kukimbia huganda kama gogo.

Mabadiliko haya si ugonjwa. Bila ya hayo mtu asingeweza kumkimbia nyati. Ugonjwa huanza pale ambapo kengele ya hatari haizimiki. Katika ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala, inayoshiriki katika kutambua hatari upesi. Jirani yake ni hipokampasi, inayosaidia kuweka kumbukumbu mahali pake: jambo hili lilitokea wapi, na lini. Mbele kabisa, nyuma ya paji la uso, iko sehemu inayopima na kuzuia. Uchunguzi wa picha za ubongo umeonyesha ya kwamba katika watu wengi wenye kiwewe amigdala huitikia kwa nguvu kupita kiasi, na ile sehemu ya mbele huizuia kwa udhaifu. Hivyo unyasi hubaki nyoka.

Jambo hili laeleza kwa nini kumwambia mtu wa namna hiyo "usiogope, yamekwisha pita" kwa kawaida hakufui dafu. Maneno huisemesha akili, hali kengele inalia mwilini. Ndipo swali linapozuka: je, kuna njia ya kuufikia mwili wenyewe?

Breki ya moyo

Njia moja ipo, na msingi wake ulionyeshwa kwa vyura. Mwaka 1921 Otto Loewi, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo kikuu cha Graz nchini Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura iliyokuwa ingali ikipiga. Moyo wa kwanza aliuacha na neva yake iitwayo vagasi. Alipoisisimua neva hiyo kwa umeme, moyo ulipiga polepole. Kisha alichukua maji yaliyokuwa yakiuzunguka moyo wa kwanza akayatia katika moyo wa pili, usiokuwa na neva. Huo nao ukapunguza mapigo. Kwa hiyo neva ilikuwa imetoa kemikali fulani iliyoyeyuka katika maji yale. Kemikali hiyo ni asetilikolini. Loewi pamoja na Mwingereza Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Neva ya vagasi inaanzia chini ya ubongo na kushuka shingoni hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Ni sehemu kubwa ya tawi la pili la mfumo wa neva usiotawaliwa na hiari, liitwalo parasimpathetiki. Ikiwa tawi la simpathetiki ni mfano wa kanyagio la mafuta katika gari, basi vagasi ni breki.

Sasa, mtu hawezi kuuamuru moyo wake upige polepole jinsi awezavyo kuuamuru mkono ushike kalamu. Lakini kupumua kuna sifa ya pekee. Hujiendesha kwenyewe mtu alalapo, na hata hivyo huweza kuongozwa kwa hiari wakati wowote. Tena pumzi na moyo vimefungamana. Tangu mwaka 1847, mwanafisiolojia Mjerumani Carl Ludwig alipoandika juu ya jambo hili, imejulikana ya kwamba moyo huharakisha kidogo mtu anapovuta pumzi, na hupunguza mwendo anapoitoa. Wakati wa kutoa pumzi, breki ya vagasi hukazwa. Wakati wa kuvuta, hulegezwa. Basi anayerefusha utoaji wa pumzi huirefushia breki muda wake wa kufanya kazi.

Lugha ya Kiswahili yaelekea iliona jambo hili mapema. Mtu aliyeokoka katika hatari husemwa kuwa "ameshusha pumzi." Msemo huo unataja tendo lenyewe la mwili, wala si fikra.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili bila ya chombo chochote isipokuwa saa yenye mshale wa sekunde.

Wanafunzi wakae wawili wawili. Mmoja atafute mapigo ya moyo wake kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na kila pigo aligonge juu ya meza kwa kidole cha mkono mwingine. Avute pumzi kwa sekunde 5, aitoe kwa sekunde 5, mara kadhaa. Mwenzake asikilize migongo hiyo. Katika vijana wengi itasikika wazi ya kwamba mapigo hukaribiana wakati wa kuvuta na huachana wakati wa kutoa.

Kwa sehemu ya pili, darasa ligawanywe makundi mawili kwa kura. Kila mwanafunzi ahesabu mapigo yake kwa dakika moja na kuyaandika. Kisha kundi la kwanza lipumue kwa dakika 5 likivuta kwa sekunde 4 na kutoa kwa sekunde 6. Kundi la pili likae kimya tu kwa dakika hizo hizo, likipumua kama kawaida. Mapigo yahesabiwe tena na wastani wa kila kundi utafutwe.

Wanafunzi waulizwe: kwa nini kundi la pili lilihitajika? Jibu ni kwamba kukaa kimya peke yake huweza kupunguza mapigo ya moyo. Pasipo kundi la kulinganisha, sifa yote ingepewa pumzi, na huenda si yake yote. Jambo hili litahitajika tena utakapopimwa ushahidi wa yoga.

Asilazimishwe mwanafunzi yeyote kushiriki, na anayehisi kizunguzungu aache mara moja na kupumua kama kawaida.

Hesabu ya pumzi

Huenda mtu akauliza: je, anayepumua mara 6 tu kwa dakika hapungukiwi na hewa? Hesabu ifuatayo itatoa jibu.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kiasi cha mara 12 hadi 20 kwa dakika. Tuseme anapumua mara 15, na kila pumzi ni mililita 500. Kwa dakika moja atakuwa amevuta mililita 7,500. Lakini katika kila pumzi, kiasi cha mililita 150 hubaki katika pua, koo na mirija mikubwa, ambamo hewa haibadilishani na damu. Kwa hiyo hewa inayofika kwenye vifuko vya mapafu ni 15 mara 350, yaani mililita 5,250 kwa dakika.

Akipumua mara 6 kwa dakika na kutaka kupata mililita 5,250 zile zile, kila pumzi yapasa ifikishe mililita 875 vifukoni. Tukiongeza zile 150 za njiani, tunapata pumzi ya mililita 1,025. Jumla yake kwa dakika ni mililita 6,150. Hivyo apumuaye polepole na kwa kina hupata hewa ile ile ya kutumika kwa kuvuta pungufu ya mililita 1,350, kwa sababu hewa inayopotea njiani ni ndogo zaidi.

Kinyume chake ni kupumua kwa haraka na kwa nguvu. Huko huondoa kaboni dayoksaidi katika damu kuliko inavyotengenezwa. Kemikali ya damu hubadilika, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, na mtu huona kizunguzungu na kuwashwa au kufa ganzi vidoleni. Aliyewahi kupatwa na hofu kuu atazifahamu dalili hizo, nazo zitamkumbusha hofu ile ile. Hii ndiyo sababu mazoezi ya yoga yanayotumia pumzi za kasi, au kuzuia pumzi kwa muda mrefu, hayafai kuwa mwanzo kwa mtu mwenye kiwewe.

Yoga ya upole ni ipi?

Yoga ilizaliwa India, na maandiko yake ya kale ni ya zaidi ya miaka 1,500. Uchunguzi wake wa kimaabara ulianza mapema katika karne ya 20: mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alianzisha taasisi ya Kaivalyadhama huko Lonavla, magharibi mwa India, pamoja na jarida la kuchapisha vipimo vya pumzi na mazoezi. Yoga iliyoenea duniani leo ina sura nyingi. Ziko za nguvu na jasho jingi, na ziko za taratibu. Katika India yenyewe yoga imefungamana na dini na falsafa. Hata hivyo fisiolojia ya pumzi haina dini. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake wa Italia walichapisha katika jarida la British Medical Journal uchunguzi wa watu 23 wenye afya. Waliona ya kwamba kusali rozari kwa Kilatini na kukariri maneno ya yoga vyote viwili vilishusha pumzi hadi kiasi cha mara 6 kwa dakika, na vikaleta mpangilio ule ule wa mapigo ya moyo na damu.

Yoga iliyotengenezwa mahususi kwa wenye kiwewe ilikuzwa huko Boston, Marekani, mwanzoni mwa karne hii, na mwalimu David Emerson akishirikiana na mganga wa akili Bessel van der Kolk. Haina nyimbo, wala majina ya Kisanskriti, wala mikao migumu. Mtu huweza kuifanya akiwa amekaa kitini. Huinua mikono taratibu na kuishusha, hugeuza shingo, huinama mbele kidogo, hukanyaga sakafu na kuhisi nyayo zake. Pumzi haizuiliwi. Macho si lazima yafumbwe, kwa kuwa kwa aliyewahi kuvamiwa, kufumba macho katikati ya watu si starehe bali ni hatari. Mwalimu hamgusi mwanafunzi kumsahihisha, wala hazungukizunguki nyuma yake. Mlango hujulikana ulipo, na kila mtu aweza kutoka.

Shabaha si kunyumbuka. Shabaha ni mtu kujifunza upya kutambua kinachotokea ndani ya mwili wake: hapa msuli umekaza, hapa umelegea, sasa moyo unakwenda haraka, sasa umetulia. Katika ubongo sehemu iitwayo insula hushiriki katika kupokea habari hizo za ndani. Mwenye kiwewe mara nyingi huzikimbia habari za mwili wake, kwa sababu kila mpigo wa moyo humwambia kuna hatari. Akizizoea kidogo kidogo katika mahali pa usalama, hujifunza ya kwamba moyo kwenda mbio huweza kupanda, na pia huweza kushuka.

Lugha ya amri na lugha ya hiari

Jambo lililo muhimu kuliko mikao yenyewe ni namna ya kusema. Kiini cha maafa mengi ni kunyang'anywa hiari: mtu alifanyiwa jambo asilolitaka wala asiloweza kulizuia. Kwa hiyo mwalimu wa yoga hii hatoi amri. Badala ya kusema "Inua mkono," husema "Ukipenda, waweza kuinua mkono, na ukiona haifai, uache ulipo."

Tofauti hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Katika viwanja vya shule nyingi, mazoezi ya viungo huanza kwa sauti kali: "Mikono juu!" Kwa wanafunzi wengi maneno hayo ni mchezo. Lakini kwa mtoto ambaye nyumba yao ilivamiwa na majambazi usiku, au aliyevuka mpaka akikimbia vita, maneno hayo hayo huenda ndiyo aliyoyasikia mara ya mwisho alipomwona baba yake. Zoezi lile lile, kwa maneno mengine, lingeweza kumtuliza. Kwa maneno haya linamrejesha kwenye usiku ule.

Ushahidi unasemaje?

Mwaka 2014 van der Kolk na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanawake 64 waliokuwa na kiwewe cha muda mrefu ambacho tiba za awali hazikukiondoa. Waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifanya yoga ya upole kwa saa moja kila juma, kwa majuma 10. Kundi la pili lilipata mafunzo ya afya ya wanawake kwa muda huo huo. Mwisho wake, wanawake 16 kati ya 31 wa kundi la yoga, yaani asilimia 52, hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa. Katika kundi la mafunzo walikuwa 6 kati ya 29, yaani asilimia 21.

Msomaji akumbuke lile kundi lililokaa kimya darasani. Asilimia 21 walipata nafuu bila ya yoga, labda kwa sababu ya kukutana na wenzao, kusikilizwa, na kupita kwa wakati. Kwa hiyo haifai kusema ya kwamba yoga "iliponya asilimia 52." Kinachoweza kuhesabiwa kuwa ni faida ya ziada ni ile tofauti kati ya makundi mawili, ambayo bado ni kubwa.

Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi mwingine wa Marekani, wa wanawake 131 waliokuwa wametumikia jeshi na kudhulumiwa kijinsia humo. Yoga ya namna hii ililinganishwa na tiba ya mazungumzo iliyokwisha thibitishwa. Makundi yote mawili yalipata nafuu kwa kiasi kilichokaribiana, na waliomaliza mafunzo ya yoga walikuwa wengi zaidi kuliko waliomaliza tiba ya mazungumzo. Jambo hili la pili si dogo, kwa kuwa dawa isiyomalizwa haiponyi.

Ushahidi haukutoka Marekani pekee. Baada ya mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, ambayo yalivuka Bahari ya Hindi na kuua watu hata Somalia, Kenya na Tanzania, manusura 183 waliokuwa katika kambi za kusini mwa India walichunguzwa. Waliofundishwa kupumua kwa njia za yoga walipungukiwa na dalili kuliko waliokuwa wakingoja zamu yao. Nchini Kolombia, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 uliwashirikisha watu 100 waliotoka katika makundi yenye silaha na kurejea uraiani. Huko pia waliofanya yoga walipata nafuu zaidi.

Mipaka

Sayansi huheshimiwa kwa kutaja mipaka yake. La kwanza, majaribio mengi ya yoga ni madogo, na hayawezi kufichwa. Katika jaribio la dawa, mgonjwa huweza kupewa kidonge kisicho na dawa naye asijue. Lakini hakuna awezaye kufanya yoga bila ya kujua. Matumaini ya mshiriki huenda yakaongeza matokeo.

La pili, maelezo ya jinsi yoga inavyofanya kazi hayajakamilika. Wako walimu wanaosema ya kwamba kiwewe "kimehifadhiwa katika misuli" na kwamba kunyoosha misuli hukitoa. Usemi huo ni mfano tu. Kumbukumbu huwekwa katika mfumo wa neva. Misuli hukaza kwa kuwa neva huiamuru ikaze. Iko pia nadharia maarufu ya Stephen Porges ya mwaka 1994 juu ya matawi ya neva ya vagasi, inayotajwa katika vitabu vingi vya yoga. Wanafisiolojia kadhaa wameipinga. Lisilobishaniwa ni uhusiano wa pumzi na moyo, ambao mwanafunzi aweza kuusikia juu ya meza yake mwenyewe.

La tatu, yoga si badala ya hospitali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 ulitaja tiba za mazungumzo zinazolenga kiwewe kuwa ndizo zipendekezwazo, na ukaonya dhidi ya kutumia dawa za usingizi za jamii ya diazepamu kutuliza mshtuko wa siku za kwanza. Mtu anayefikiri kujiua, anayesikia sauti zisizokuwapo, au asiyeweza kula wala kulala kwa siku nyingi, yampasa afikishwe kwa mganga bila ya kukawia. Na ambaye hatari yake haijaisha, kwa mfano mtoto anayepigwa nyumbani kila juma, hahitaji kwanza kufundishwa kupumua. Anahitaji kuokolewa. Kengele yake inalia kwa haki.

Mambo ya kuzingatiwa shuleni

Mwalimu wa shule ya sekondari si mganga, wala hatakiwi kuwa. Hapaswi kumchimba mwanafunzi ili asimulie yaliyompata. Hata hivyo yapo mambo manne yaliyo katika uwezo wake, nayo hayagharimu fedha.

Kwanza, atofautishe utundu na hofu kabla ya kuadhibu, hasa anapoona mwanafunzi aliyekuwa mtulivu amebadilika baada ya msiba au ajali. Pili, katika mazoezi ya viungo aache nafasi ya hiari, na asimguse mwanafunzi bila ya ruhusa yake. Tatu, kabla ya mtihani au baada ya taharuki, aweza kuliongoza darasa zima kwa dakika chache za kupumua taratibu, macho wazi, pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, bila ya kumtaja yeyote. Nne, ajue jina la mshauri au kituo cha afya kilicho karibu ambako mwanafunzi anayezidiwa aweza kupelekwa.

Walimu wa yoga si wageni kabisa katika eneo hili. Mjini Nairobi shirika liitwalo Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007, limewafunza vijana wengi kuwa walimu. Kinachohitajika sasa ni uchunguzi uliofanywa kwa makini katika mazingira yetu: kambi za wakimbizi, shule za bweni, hospitali za wilaya. Uchunguzi huo uwe na makundi ya kulinganisha, maswali yaliyotungwa kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, na vipimo vinavyorudiwa baada ya miezi na miaka. Baadhi ya watakaoufanya ni wale wanafunzi ambao leo wanajifunza kuhesabu mapigo ya moyo kwa kidole juu ya dawati.